Nilisikia "kipige": je, nitoe ushahidi dhidi ya mtoto wa rafiki yangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 13 hapa Glasgow, ambako ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Ninakuandikia usiku, nikitoka zamu, kwa sababu mchana nyumba yangu haiishi wageni na wote wana ushauri mmoja.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mtu aliyebadili jinsia. Alizaliwa akaandikwa mvulana, na kwa miaka yote sita ambayo nimemfahamu ameishi kama mwanamke. Hatukuwa marafiki wa kukaa sebuleni, lakini hunipokelea vifurushi ninapokuwa kazini, nami humpelekea pilau sikukuu ikifika. Sitaki kujifanya bora kuliko nilivyo. Mwanzoni nilikuwa ninasubiri nisikie mlango wake umefungwa ndipo nishuke ngazi. Siku hizi sifanyi hivyo tena, ingawa yapo mambo yake ambayo kwa dini yangu na malezi yangu bado sijayaelewa.

Mwezi uliopita, saa nne kasoro usiku, niliteremka kwenye basi nikamwona upande wa pili wa kituo, ameshika mfuko wa dukani. Walikuwapo vijana watatu. Mmoja nilimtambua kwa mwendo kabla hajageuka, kwa kuwa nilimbeba mgongoni alipokuwa na miaka mitatu: ni mtoto wa rafiki yangu, mwanamke aliyemlea peke yake tangu walipofika hapa. Sasa ana miaka 19 na pasipoti ya Uingereza. Alimtazama jirani yangu juu hadi chini, kisha akamgeukia binamu yake akasema kwa Kiswahili, "Hiki nacho ni kitu gani?" Binamu akacheka. Yeye akaongeza, "Kipige, tuone kitalia sauti gani." Binamu akamsukuma jirani yangu hadi akaanguka, na kijana wetu akampiga mateke mawili akiwa chini. Mfuko ulipasuka, mayai yakavunjika, na viazi vikaviringika hadi barabarani.

Nilimwita kijana kwa jina lake kamili. Akageuka, akanitazama, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha wakakimbia. Shangazi, shikamoo hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Jirani yangu alivunjika kifundo cha mkono. Polisi walichukua jina langu na anwani yangu, nami nikawaambia kwamba ninatetemeka na nitaandika maelezo siku nyingine. Siku mbili baadaye mama wa kijana alikuja na hotpoti ya chapati na kuku wa nazi. Tulizungumza habari za nyumbani kwa saa nzima, na alipofika mlangoni akasema, "Dada, kulikuwa na giza. Hukuona vizuri." Hotpoti yake ingali juu ya meza yangu. Chakula nilikimwaga, maana hakikupita kooni.

Katika kundi letu la WhatsApp umesambazwa ujumbe wa sauti usemao kwamba atakayekwenda polisi atakuwa ameisaidia sheria ya Wazungu inayotaka kuwafunga mashekhe na wachungaji miaka saba kwa kuhubiri. Kwamba ukikosea tu ukamwita mtu kama huyo "mwanamume" unakamatwa. Na kwamba isitoshe mahakama ya London ilikwisha kuwafutia watu hao haki zao mwaka jana, kwa hiyo hakuna kesi.

Maswali yangu ni mawili. Je, niende? Na nikienda, je, ninalazimika kuyataja maneno yale, ilhali pale kituoni hakuna aliyeyaelewa isipokuwa mimi na vijana wetu? Hata aliyepigwa hajui alichoambiwa.

Shahidi asiyetaka,
Glasgow

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nenda, na maneno uyataje yote, kama yalivyotamkwa. Nimelitanguliza jibu kwa sababu sipendi kumzungusha mtu ambaye amekesha.

Kundi lenu limechanganya mambo mawili ambayo hayakai chungu kimoja. Upo mjadala mkubwa Uingereza nzima kuhusu watu waliobadili jinsia, nao ni mjadala halali ambamo watu wenye akili na heshima wanapingana. Na upo mkono uliovunjika. Kumsukuma mtu na kumpiga mateke akiwa chini kulikuwa kosa Uskoti karne nyingi kabla ya mtu yeyote kusikia habari za sheria ya chuki, na kungekuwa kosa hata sheria hiyo ingefutwa kesho asubuhi. Sheria ya chuki hailiumbi kosa la teke. Inauliza swali moja la ziada, kama mtendaji alionyesha au alisukumwa na uadui kwa mtu huyo kwa sababu ya kundi analohesabiwa. Ikithibitika, hakimu analazimika kulitamka jambo hilo mahakamani, kuliandika kwenye kumbukumbu, na kueleza limeibadili adhabu kwa kiasi gani.

Wala si jambo la jana. Tangu Machi 2010 Uskoti imekuwa na sheria, iliyopitishwa 2009, inayoongeza uzito wa kosa likitendwa kwa uadui dhidi ya mtu aliyebadili jinsia. Kijana wenu wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sheria ya 2021, iliyopita bungeni Edinburgh kwa kura 82 dhidi ya 32 na kuanza kutumika 1 Aprili 2024, imeyakusanya makundi pamoja: rangi, dini, ulemavu, umri, mwelekeo wa kimapenzi, kubadili jinsia, na wale waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi, ambao wazee wetu wa pwani waliwaita huntha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo pengine hukulijua. Kwa kawaida sheria ya Uskoti ni ngumu kuliko ya England katika kuthibitisha kosa, maana shahidi mmoja pekee hatoshi. Lazima upatikane ushahidi mwingine wa kumuunga mkono. Lakini kwa kile kipengele cha chuki sheria imelegeza: chanzo kimoja kinatosha. Ya mateke yanaweza kuthibitishwa na jirani yako, na wewe, na pengine kamera ya kituoni. Ya chuki yamo masikioni mwako peke yako. Ukinyamaza, polisi watabaki na vijana watatu, mwanamke aliyeanguka na viazi barabarani, na itasemwa kwamba ulikuwa ugomvi wa kusukumana.

Kwa sababu hiyo nakuomba usikubali kuandika maelezo kwa Kiingereza, hata kama Kiingereza chako cha kazini kimenyooka. Omba mkalimani wa Kiswahili. Polisi ndio wanaomtafuta na ndio wanaomlipa. Kisha hakikisha mkalimani huyo hasemi tu kwamba kijana alisema "mpige". Hakusema "mpige". Alisema "kipige", na sisi tunaozungumza lugha hii tunajua umbali uliopo kati ya hayo mawili. Kipofu tunamwita kipofu, kiwete kiwete, lakini tukishawataja tunawarudishia heshima yao na kusema kipofu amekuja, kiwete amekaa. Hata mtoto wa miaka miwili hakosei hapo. Kijana wenu alimtazama binadamu, akauliza "hiki", akaamuru "kipige", akangoja "kitalia". Mara tatu katika pumzi mbili alimtoa mtu kwenye ngeli ya watu. Wazungu wamegombana miaka mingi juu ya kumtaja mtu kama huyu kwa neno la kiume au la kike, mzozo ambao Kiswahili kimetuepusha, maana kwetu "amekuja" ni amekuja tu, awe baba au mama. Mtoto wetu, aliyekuwa na lugha isiyomdai kuchagua, akachagua ngeli ya vitu. Mahakama ikilisikia hilo kwa usahihi haitahitaji mtaalamu wa kuifafanulia chuki ni nini.

Ule ujumbe wa sauti nao una kweli kidogo iliyotiwa maji mengi. Ni kweli kwamba sheria ya 2021 ina kosa la kuchochea chuki, na kwamba kilele cha adhabu yake ni kifungo cha miaka saba. Lakini ili mtu apatikane na kosa hilo kwa habari ya waliobadili jinsia, ni lazima maneno au matendo yake yawe ya vitisho au matusi kwa kipimo cha mtu mwenye busara, na ithibitike kwamba alikusudia kuchochea chuki. Sheria yenyewe ina kifungu cha kulinda uhuru wa kusema, kinachotamka kwamba kuzungumzia au kukosoa mambo ya kubadili jinsia hakuhesabiwi kuwa vitisho au matusi kwa sababu hiyo pekee. Shekhe anayesema kwamba dini yake haikubali jambo fulani hajafika huko, na mchungaji vilevile.

Kuhusu kukamatwa kwa kumwita mtu "mwanamume", jambo hilo lilijaribiwa mbele ya dunia nzima siku ileile sheria ilipoanza. Mwandishi J.K. Rowling, mkazi wa Edinburgh, aliandika mtandaoni akiwataja wanawake kadhaa waliobadili jinsia kuwa ni wanaume, na akasema kama amevunja sheria basi wamkamate. Siku ya pili yake polisi wa Uskoti walitangaza kwamba hakuna jinai iliyotendeka. Aliyesambaza ule ujumbe ama hakuwahi kusikia habari hiyo, ama aliisikia na haikumfaa.

Na mahakama ya London haikumfutia mtu haki ya kutopigwa. Tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba neno "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 lina maana ya jinsia ya kuzaliwa. Ni uamuzi mkubwa, uliofurahiwa na wengi na kuwaumiza wengi, lakini unahusu mambo kama huduma na nafasi zilizotengwa kwa wanawake. Majaji walikumbusha humohumo kwamba watu waliobadili jinsia wanaendelea kulindwa dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji. Sheria ya chuki ya Uskoti ni nyingine kabisa na haikuguswa.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu nao wasiachwe hivihivi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya libadili jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, na kuiondoa alama ya jinsia. Mkenya, mbele ya jaji Mkenya.

Sikwambii haya kwa kuwa naipenda sheria hiyo kila herufi. Iliyapa makundi saba kinga na haikuwataja wanawake, jambo ambalo hadi leo sijaelezwa nikaridhika. Wiki yake ya kwanza polisi walipokea malalamiko zaidi ya 7,000 kwa njia ya intaneti, na yaliyoandikishwa kuwa uhalifu wa chuki yalikuwa 240. Maana yake ni kwamba maelfu ya watu waliigeuza mchezo wa kukomoana, na polisi wakapoteza saa ambazo zingetumika kwa wenye majeraha. Unaweza kuyasema hayo yote kwenye kundi lenu, na bado ukaenda kituoni kesho. Huko hakuna atakayekuuliza dini yako inasema nini juu ya jirani yako, wala kama umemwelewa. Watakuuliza ulisimama wapi, taa ilikuwa wapi, nani alisema nini, nani alirusha mguu.

Rafiki yako aliyeleta hotpoti angefaa kuambiwa jambo moja na mtu anayempenda. Uskoti, makosa ya chuki yanayofikishwa kwa waendesha mashtaka kwa wingi kuliko mengine yote si ya waliobadili jinsia. Ni ya rangi. Mwaka 1989 mwanafunzi mkimbizi wa Kisomali, Axmed Abuukar Sheekh, alichomwa kisu akafa katika mtaa wa Cowgate, Edinburgh, na watu wake walihangaika kutaka itambulike kwamba aliuawa kwa ajili ya rangi yake. Sheria inayohesabu chuki haikuletwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu. Imekuzwa na vilio vya watu kama nyinyi. Siku kijana huyohuyo atakapozungukwa na walevi usiku wakimwita mnyama, mama yake ataitaka sheria hii kwa mikono miwili, na atamwomba Mungu awepo pale kituoni jirani Mzungu aliyesikia neno na ambaye hajaletewa chapati.

Kisheria, polisi wana haki ya jina lako na anwani yako, na hayo umekwisha kuyatoa. Kuandika maelezo hulazimishwi, ila unaweza kuitwa mahakamani, na usipofika unaweza kukamatwa. Ukifika ukasema kulikuwa na giza, hapo umeapa uongo, na wewe mwenyewe ndiye unayegeuka mshtakiwa. Rafiki yako naye alivyosema pale mlangoni alikanyaga ukingo wa shimo: kumshawishi shahidi abadili maneno ni kosa linaloweza kumfunga mzazi kwa jambo alilolitenda mtoto. Mwambie asirudie, na usijadiliane naye habari ya ulichokiona. Kama anataka kumsaidia mwanawe, amtafutie wakili leo, kisha kijana aende polisi kwa miguu yake akiwa na wakili huyo, badala ya kungoja kugongewa mlango alfajiri. Tangu Januari 2022 mahakama za Uskoti zina mwongozo wa kuwahukumu walio chini ya miaka 25 unaotaka kurekebika kwao kupewe uzito wa kwanza, na hukumu zinazowezekana ni nyingi kabla ya gereza, ikiwamo kufanya kazi za jamii bila malipo. Siwezi kukuahidi atapata ipi. Lakini kwa kijana wa miaka 19 naona njia hiyo ni pana kuliko ile ya kuokolewa na giza ambalo halikuwapo.

Umenigusa kwa ile shikamoo. Nimeitafakari siku kadhaa, na sidhani kwamba kijana alikuwa anakukejeli. Ilimtoka. Mguu wake ulikuwa bado haujatulia na ulimi wake ukakumbuka mama yake alimfundisha nini afanye akimwona mkubwa. Adabu alikuwa nayo, tena ya kutosha. Alichokuwa ameamua ni nani anayestahili kuipata, na sidhani kwamba uamuzi huo aliutoa peke yake pale kituoni. Mtoto aliyekulia barazani na sebuleni mwenu amesikia watu wakitajwa kwa "hiki" na "vile" kabla hajajua kusoma, na waliokuwa wakicheka wamo kwenye lile kundi la WhatsApp.

Jirani yako umemtaja sana, ila hukuniambia kama umegonga mlango wake tangu siku ile. Gonga. Usimweleze bado maana ya maneno aliyoambiwa. Ukishaandika maelezo, muulize afisa anayeshika kesi ni lini na nani atamweleza, asije akayasikia kwa mara ya kwanza mahakamani kutoka kinywani mwa mkalimani. Lakini kwa sasa mtu aliyefungwa mkono mmoja hawezi kumenya viazi wala kukamua dekio. Hayo hayahitaji mkalimani.

Imebaki hotpoti. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, nawe hutaanza sasa kukosa adabu kwa sababu umesema kweli. Siku utakapotoka kuandika maelezo, ipeleke siku hiyohiyo, kwa mkono wako, kabla habari hazijamfika kwa njia ya kundi. Mwambie sentensi moja tu: "Nimekwenda, na nimesema nilichokiona na nilichokisikia." Usiongeze na usiombe radhi. Atalia, au atakutukana, au atafunga mlango, na zote hizo ni haki ya mama. Ndani yake weka visheti, usiweke wali wala mchuzi, kwa sababu inaweza kupita wiki nzima kabla hajaufunua mfuniko.